Baba wa Kusimuliwa

Viko vitabu ambavyo jina la jaladani husema jambo moja na kurasa za ndani husema jingine. Dreams from My Father, alichokitoa Barack Obama mwaka 1995, ni kimojawapo. Jina lake lamtaja baba. Lakini msomaji makini ataona kwamba ndoto zile zilipita kwanza katika kinywa cha mama.

Habari yenyewe ni hii. Mwandishi alizaliwa Honolulu mwaka 1961. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa Mzungu wa Marekani, mzaliwa wa Kansas. Baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya. Ndoa ile ilivunjika, na talaka ikapatikana mwaka 1964. Tangu hapo mwana alimwona baba mara moja tu, alipokuwa na umri wa miaka kumi, kwa muda wa mwezi mmoja. Mwaka 1982 baba alifariki Nairobi katika ajali ya gari.

Basi baba aliyemo kitabuni alitoka wapi? Alitoka katika masimulizi ya mama, na ya wazazi wa mama. Mtalaka ana sababu nyingi za kumchafua mwenzake mbele ya mtoto. Huyu hakufanya hivyo. Alimsifu mumewe wa zamani kwa akili na uadilifu. Nadhani alijua kwamba mtoto chotara hana njia ya kumkana mzazi mmoja asijikane mwenyewe. Machoni pa watu rangi ya mwana ilikuwa ya baba. Maneno ya kumwezesha kuibeba rangi ile yalikuwa ya mama.

Hapo ndipo nionapo kasoro. Kule Jakarta, alikoishi baada ya kuolewa mara ya pili, mama alikuwa akimwamsha mwanawe kabla ya alfajiri amfundishe Kiingereza. Jambo hili lapewa nafasi ndogo tu, tena kwa mzaha. Bali safari ya Kenya yapewa sehemu nzima ya tatu, na mwana analia penye makaburi ya baba na babu.

Wako watakaojibu kwamba kitafutwacho ni kilichopotea, wala hapana atafutaye kilicho mkononi mwake. Hoja hii ina nguvu, lakini haimalizi deni. Mama alifariki Novemba 1995, mwaka ule ule wa kitabu. Katika dibaji ya toleo la 2004 mwandishi mwenyewe akiri kwamba, lau angalijua mama hatapona, huenda angaliandika kitabu kingine, kisichomwaza mno mzazi asiyekuwapo, chenye kumsifu zaidi aliyekuwapo daima.

Wahenga walinena: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwanafunzi akisomaye kitabu hiki na aanze na dibaji ile, kisha, kila mahali baba anaposifiwa, ajiulize ni nani asemaye. Mara nyingi atasikia sauti ya mama.