Soko Dogo, Sauti ya Tatu: Uhakiki wa Mkakati wa Maudhui wa Filamu za Wakaliwood na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wazalishaji wadogo wa kazi za sanaa katika Afrika Mashariki hupewa ushauri unaofanana: watambue soko mahususi, walitengenezee maudhui yanayolifaa, wayasambaze kwa picha, sauti na maandishi, na hatimaye mtazamaji atageuka kuwa mteja. Ni nadra ushauri huo kupimwa kwa kazi halisi ya sanaa. Makala haya yanaupima kwa filamu ya Who Killed Captain Alex? (2010), iliyoongozwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa gharama ambayo mwenyewe huitaja kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Hoja yetu ni kwamba Wakaliwood, kama studio hiyo inavyojulikana, imefaulu kwa sababu ilitegemea sauti ya msimulizi kuliko picha. Na kwamba sauti hiyo, ilipobadilishwa lugha ili imfuate mteja wa mbali, iliruka hadhira kubwa iliyo jirani, yaani wazungumzaji wa Kiswahili.

Msimulizi kama kiini cha maudhui

Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali kabla ya kuingia katika filamu, ameeleza kwamba utotoni alizifahamu filamu kwa kusimuliwa na ndugu zake waliokuwa wamezitazama. Maelezo hayo yanatoa mwanga juu ya kazi yake. Filamu ilimfikia kwanza kama simulizi, na kazi zake zimeendelea kuwa simulizi zinazosindikizwa na picha. Kisa cha filamu tunayoihakiki ni chepesi: kamanda hodari anatumwa kulivunja genge la wahalifu, anauawa, na ndugu yake, bingwa wa mapigano ya ana kwa ana, anakuja kutafuta kisasi. Swali lililo katika anwani halipati jibu. Kwa vigezo vya uhakiki wa msuko, hii ni kasoro. Hata hivyo, mtazamaji hajali, kwa kuwa anayemshika mkono toka mwanzo hadi mwisho ni msimulizi, ambaye nchini Uganda huitwa vijei.

Vijei ni zao la vibanda vya video, ambamo filamu za kigeni zilionyeshwa kwa watu wasiozielewa lugha zake. Alitafsiri, akafafanua, akatania na kuwachochea watazamaji. Sanaa hii si ya Uganda peke yake. Tanzania ilikuwa na marehemu Lufufu, aliyejipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro. Jambo jipya lililofanywa na Wakaliwood ni kumweka msimulizi huyo juu ya filamu yao wenyewe. Emmanuel Bbatte, ajulikanaye kama VJ Emmie, huwasifu wahusika, huikejeli filamu na kumtahadharisha mtazamaji juu ya mapigano yanayokuja. Kwa namna hiyo udhaifu wa picha unageuzwa kuwa sehemu ya burudani. Mtazamaji hawezi kuicheka filamu ambayo imekwisha kujicheka yenyewe. Hucheka pamoja nayo.

Masoko mawili, lugha mbili

Wakaliwood ilianza na soko la nyumbani. Waigizaji na mafundi wenyewe walibeba diski na kuziuza nyumba kwa nyumba, wakishindana na nakala za wezi ambazo huingia mitaani siku chache tu baada ya filamu kutoka. Lugha ya soko hilo ilikuwa Kiganda.

Soko la pili lilizaliwa na kionjo kilichowekwa YouTube mwaka 2010. Wapenzi wa filamu za mapigano za gharama ndogo, ambao ni wachache katika kila nchi lakini wametapakaa duniani, walikipokea kwa shangwe. Mmoja wao, Alan Hofmanis wa New York, alifunga safari hadi Wakaliga na kuwa mshirika wa studio. Mwaka 2015, filamu nzima ilitolewa bure mtandaoni ikiwa na usimulizi wa Emmie kwa Kiingereza. Mwaka huohuo studio iliomba mchango wa umma wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, ikapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019, filamu ya Crazy World ilionyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto. Mantiki ya kibiashara ni dhahiri: kazi iliyokamilika ilitolewa bure, na kilichouzwa ni uhusiano kati ya studio na wapenzi wake.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yana gharama ya kisanaa. Nabwana alilazimika kufuta faili za awali za Captain Alex ili apate nafasi katika kompyuta yake kwa kazi nyingine. Toleo ambalo ulimwengu unalijua leo ni lile lenye sauti ya Kiingereza ya Emmie juu yake. Maneno ya wahusika kwa Kiganda yamebaki chini ya sauti hiyo kama mnong'ono. Katika kibanda, vijei alikuwa daraja kati ya filamu ya kigeni na jirani yake. Katika toleo la mtandao, amekuwa daraja kati ya jirani yake na mgeni. Utani uliomlenga mtu aijuaye Wakaliga sasa unaieleza Wakaliga kwa asiyeijua.

Filamu ya Bad Black (2016) inathibitisha mabadiliko haya ndani ya kisa chenyewe. Mhusika wake mmoja ni daktari Mmarekani, anayeigizwa na Hofmanis, ambaye anaibiwa, kisha anafundishwa ukomando na mtoto wa mtaani. Mteja wa mbali ameingia katika hadithi. Nabwana anastahili pongezi kwa kuwa hakumfanya mgeni huyo mwokozi. Amemfanya mwanafunzi, tena mzito wa kuelewa. Hapa soko halijaila sanaa. Sanaa imelicheka soko mbele ya macho yake.

Hadhira iliyorukwa

Kati ya Kiganda cha mtaani na Kiingereza cha mtandaoni kuna mamilioni ya watazamaji kuanzia Mombasa hadi Bukavu ambao wamezoea kusimuliwa filamu kwa Kiswahili. Kukosekana kwao katika mkakati huu kunashangaza zaidi tukikumbuka kwamba Captain Alex ni filamu ya wanajeshi, na nchini Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi kwa miaka mingi. Lakini hapohapo ndipo penye maelezo. Kwa Waganda wengi, Kiswahili kilisikika kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukiongezea mapenzi. Msanii anayetegemea kicheko cha jirani hawezi kulaumiwa kwa kuikwepa lugha iliyomtia jirani huyo hofu.

Wapo watakaosema kwamba soko la Kiswahili halilipi, kwa kuwa watazamaji wake wamezoea nakala za bei ya chini. Pingamizi hili lina uzito, lakini soko la Wakaliga lilikuwa na tatizo hilohilo, na ndilo lililomlea Nabwana. Faida ya hadhira jirani si fedha peke yake. Ni hadhira inayoweza kumkosoa msanii kwa kuwa inayajua maisha anayoyaigiza.

Hitimisho

Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Uamuzi huo hautatosha iwapo Kiswahili kitabaki lugha ya mtihani na amri. Lugha hupendwa inapochekesha. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mamlaka za filamu za nchi wanachama zigharimie usimulizi wa Kiswahili kwa filamu za wazalishaji wadogo, kwa masharti mawili: msimulizi awe na uhuru kamili wa kutania, na nakala ya awali ya filamu ihifadhiwe kabla ya sauti yoyote kuongezwa juu yake. Sharti la kwanza linalinda uhai wa sanaa hii. La pili linalinda kumbukumbu yake, ambayo kwa Captain Alex tumekwisha kuipoteza kwa sababu ya uhaba wa nafasi katika kompyuta moja.