Mbaraka Mwinshehe na Hukumu ya Wasikilizaji Wake

Makongolosi, katika Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya, ni mji uliozaliwa na dhahabu. Tangu machimbo ya Lupa yalipovuta watu wengi katika miaka ya 1930, wamekuja huko Wanyakyusa, Wasukuma, Wanyamwezi na wengineo, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Muziki wa dansi, ulioimbwa kwa Kiswahili na kuwafikia kwa redio, ulikuwa miongoni mwa mambo machache waliyoweza kuyafurahia kwa pamoja. Ndiyo maana tumeona yafaa tuanzie huko.

Katika mkahawa mmoja wa mji huo tuliwakuta wazee wawili, wote wachimbaji wa zamani, wakibishana juu ya Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki aliyefariki dunia mwaka 1979. Mmoja alishikilia kwamba Mbaraka wa kweli ni yule wa Morogoro Jazz, na kwamba siku alipoiacha bendi hiyo utamu wake ulibaki huko huko. Mwenzake akamjibu: "Mzee mwenzangu, wewe huulilii muziki, unaulilia ujana wako."

Jawabu hilo lilituchekesha, walakini halikuturidhisha. Malalamiko ya mzee yule yalikuwa ya watu wengi, nayo yanastahili kupimwa.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, akajiunga na bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960. Morogoro ilikuwa pia na Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1965 iliendelea chini ya Juma Kilaza. Wapenzi wa muziki waligawanyika baina ya bendi hizo mbili kama wapenzi wa kandanda wanavyogawanyika baina ya Simba na Yanga. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Kwa msikilizaji aliyekuwa mbali, bendi iliyokuwa ya mji mmoja sasa ilikuwa imebeba jina la taifa zima. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1973, mpiga gita wake mkuu na mwimbaji wake aliondoka akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Si ajabu basi kwamba wako waliojiona wamenyang'anywa kitu chao.

Neno "chao" ndilo kiini cha mashtaka yote. Msikilizaji alikuwa ameihesabu bendi kuwa mali ya shirika, na mwimbaji kuwa mtumishi wa mali hiyo. Lakini katika bendi nyingi za wakati ule, magita na vipaza sauti havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa vya klabu au vya tajiri fulani. Mwanamuziki alikuwa na sauti yake na vidole vyake. Mchimbaji wa Makongolosi angepaswa kulifahamu jambo hili kuliko mtu yeyote. Anayefanya kazi katika duara la mwingine, akaacha siku moja akachimbe lake, hatumwiti msaliti.

Tukija kwenye nyimbo zenyewe, hoja kwamba utamu ulibaki Morogoro Jazz haisimami. "Shida," wimbo uliopendwa kupita kiasi hata nchini Kenya, ni wa Super Volcano. Unazungumzia dhiki za maisha bila kelele wala kujihurumia, na gita la solo linaingia si kama pambo bali kama msemaji wa pili, likingoja zamu yake. Kwa maoni yetu hiyo ni kazi ya mtu aliyekomaa. Tungemshauri mwalimu awasikilizishe wanafunzi wimbo mmoja wa kabla ya 1973 na mmoja wa baadaye pasipo kuwatajia bendi, kisha awaulize ni upi uliopigwa na mtu aliyechoka.

Hata hivyo, mzee wetu hakukosea kabisa. Morogoro Jazz haikurudia tena ukubwa wake wa zamani, nayo Super Volcano haikuweza kudumu kwa nguvu zile zile baada ya mwanzilishi wake kufariki. Tuitazame kwa upande mwingine NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi: ilipoteza waimbaji wengi mashuhuri, ikabadilishwa majina mpaka ikaitwa Msondo Ngoma, na bado iliendelea kupiga. Bendi inayosimama juu ya mabega ya mtu mmoja huanguka naye. Kama wasikilizaji wangelalamikia hilo, tungeungana nao.

Wasikilizaji wa namna hii hawapo kwetu tu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alitoa santuri yake ya peke yake, Mr. Bad Guy, mwaka 1985. Haikupata wanunuzi kama wa santuri za kundi lake la Queen, nao wapenzi wengi walimtaka katika kundi lile lile. Tofauti ni kwamba yeye hakulihama kundi lake. Lilikuwapo, akaendelea nalo hadi alipofariki mwaka 1991. Mbaraka alikuwa ameufunga mlango nyuma yake.

Liko lawama jingine: kwamba aliifuata fedha Kenya. Ni kweli santuri zake zilichapwa na kuuzwa huko, na ni huko Mombasa, tarehe 12 Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari. Lakini wakati ule nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Angezipeleka wapi? Tulimwuliza mzee wetu kama aliwahi kununua santuri hata moja ya Mbaraka. Akasema hakuwa na gramafoni. Zote alizisikia redioni.

"Basi hukumlipa hata senti," mwenzake akadakia.

"Nilimpa masikio yangu miaka yote ile," mzee akajibu, safari hii bila kucheka. "Hayo hamyahesabu?"