Sifa za mwalimu bora: naomba kutofautiana

Naandika kutoka Flagey, hapa Brussels. Kila tukimzungumzia mwalimu bora tunatoa orodha ileile: awe mpole, mvumilivu, mwenye wito, mfano kwa jamii. Sawa. Lakini hivi jamani, orodha hiyo si inamfaa pia muuguzi, imamu na padri? Haituambii mwalimu anafanya nini ambacho wengine hawafanyi.

Kwa maoni yangu, sifa ya kwanza ni kusikia. Mwanafunzi akikosea, mwalimu ajue kosa limetoka wapi kabla hajalisahihisha. Anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 hakubahatisha; amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Ana kanuni yake kichwani. Mwalimu asiyeiona atabaki kurudia jibu sahihi kwa sauti kubwa zaidi.

Tuangalie historia yetu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa kila mtoto Tanzania ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku nao wakijifunza kwa posta na redio. Watani wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mimi naona dhihaka ile haikuwa ya haki. Vijana wale walibeba mzigo wa nchi nzima. Kasoro ni kwamba redio inasema, haisikii. Mwalimu mchanga anahitaji mzoefu wa kukaa nyuma ya darasa, amtazame, kisha wazungumze. Wito peke yake hauzibi pengo hilo. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amefundisha Tabora na Pugu, alitaka katika Elimu ya Kujitegemea (1967) mwanafunzi mwenye akili ya kuuliza. Atafundishwaje kuuliza na mtu ambaye mwenyewe hakupata wa kumwuliza?

Na huku ughaibuni je? Toka Flagey hadi Matonge ni mwendo wa miguu tu. Wako watoto wa Kikongo ambao nyumbani husema "batoto". Wakiletwa kwetu sisi wa Kiswahili sanifu, wengi wetu jibu ni moja: "Hicho si Kiswahili." Wiki ya pili mtoto haonekani. Mwalimu bora angeuliza: na akiwa mmoja, unasemaje? "Mutoto." Basi ngeli anayo tayari! Kutoka mu-/ba- hadi m-/wa- ni hatua moja, na hana sababu ya kumwonea haya bibi yake.

Kwa hiyo tunapomtafutia mtoto mwalimu wa Jumamosi, tusiishie kuuliza kama ni mzaliwa wa Unguja au ana digrii ngapi. Tumpe daftari lenye makosa, atueleze mwenye daftari alikuwa anafikiri nini. Akiweza, tumshike. Na tumlipe, maana wito haulipi kodi ya nyumba Ixelles.

Asiyekubaliana nami karibu, lakini aje na mfano wa darasani, si orodha nyingine.

Wasalaam.