Joto la Plagi kwenye Barabara za Mutshatsha

Hoja kwamba nchi ya jua kali inataka plagi baridi ina mvuto wake, lakini kwa gari la Mutshatsha, mkoani Lualaba, ni hoja potofu. Plagi baridi ni ile inayoondoa joto haraka kutoka kwenye ncha hadi kwenye silinda hedi, na siri yake iko kwenye pua ya kauri: fupi hupoa upesi, ndefu hubaki na moto. Ncha inatakiwa ifike takriban nyuzi 450 za Selsiasi ndipo ijichomee masizi. Ikizidi 900 hivi, huweza kuwasha petroli kabla ya wakati. Jua la Lualaba halina kauli hapo, maana joto la injini hushikwa na thamostati. Tena asubuhi za Juni na Julai kwenye uwanda huu ni za baridi kweli.

Kinachoamua ni mwendo. Kwenye vumbi na mashimo dereva hukanyaga mafuta kwa hofu, safari ni fupi, na injini ikiwa bado baridi humiminiwa petroli ya ziada. Plagi baridi haifikii joto la kujisafisha. Masizi yakishatanda juu ya kauri, umeme wa koili, maelfu ya volti, hauruki tena mwanya wa plagi. Huteleza juu ya masizi hadi kwenye chuma. Gari linamisi, koili inalaumiwa, inanunuliwa nyingine, na ugonjwa uko palepale.

Atatokea wa kusema: basi funga plagi ya iridiamu, yaishe. Ana haki kiasi. Ncha yake nyembamba huomba volti chache, na iridiamu huyeyuka karibu nyuzi 2,450 wakati nikeli haifiki 1,500, kwa hiyo mwanya hautanuki upesi. Lakini iridiamu yenye kiwango cha joto kisichofaa hushika masizi kama nyingine yoyote. Na mwinuko wa mji wa Kolwezi, katika mkoa huohuo, zaidi ya mita 1,400, huficha kosa la mwanya mpana: hewa nyepesi hurahisisha cheche, gari likawaka vizuri huku plagi imekwisha.

Kwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, tafuta Denso K16R-U11: 16 ni kiwango cha joto, 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa Denso na NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi; kwa Bosch ni kinyume chake. Soma namba kabla ya kulipa.