Hesabu ya Chakula kwa Mkimbiaji wa Usambara

Barabara ipandayo kutoka Mombo hadi Lushoto, ikipinda ubavuni mwa mlima huku upande mmoja ukiwa ni jabali na upande wa pili korongo, ina urefu wa kadiri ya kilomita 33, na katika mwendo huo humwinua msafiri karibu mita 1000, kutoka katika joto la mashamba ya katani hadi katika baridi ya mji uliokaa mita 1400 hivi juu ya bahari. Abiria wa basi huihesabu kwa saa na nauli. Bali kijana akusudiaye kuipanda kwa mbio hana budi kuihesabu kwa chakula, na hesabu hiyo ndiyo nitakayoifanya hapa, kwa kuwa naamini kwamba wengi wa vijana wetu wenye mapafu mema na miguu imara hushindwa njiani si kwa udhaifu wa maumbile wala kwa uhaba wa vyakula vya kwao, bali kwa kula kidogo mno, na kwa kula wakati usiofaa.

Mtu wa kilo 60 akikimbia katika uwanda hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita, basi kwa kilomita 33 zitakwenda zipatazo 1980. Juu ya hizo, kuinua mwili wake mita 1000 ni kazi ya kilokalori 140 tu kwa hesabu ya fizikia. Walakini misuli ya mwanadamu hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hupotea kwa joto, hivyo gharama halisi ya mpando ule hufikia 560. Jumla yapita 2500. Sasa tutazame akiba. Wanga tulao, uwe ni ugali, ndizi au sukari, huhifadhiwa katika misuli na ini kwa sura ya glaikojeni, na akiba hiyo, hata ikijaa kabisa, kwa mtu wa uzito huo ni nadra kuzidi gramu 500, yaani kilokalori 2000. Mafuta ya mwilini ni mengi kupita kiasi, hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha Tanga kwa miguu na kumrudisha, lakini huwaka polepole, na kadiri mbio zinavyozidi ukali ndivyo mwili unavyozidi kuutegemea wanga. Ndiyo maana mkimbiaji aliyetoka Mombo alfajiri kwa tumbo tupu huweza kupita mji mdogo wa Soni akiwa mchangamfu, kisha baada ya kilomita chache akaona miguu imekuwa mizito, macho yanaingia kiwi, na akili, ambayo chakula chake kikuu ni sukari iliyomo damuni, inamshauri aketi kando ya njia.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1924, katika marathoni ya Boston huko Marekani, matabibu waliwapima wakimbiaji damu mwisho wa mbio, wakakuta kwamba sukari ya baadhi yao imeshuka mno, na ya kwamba walioshuka zaidi ndio waliofika hoi. Mwaka uliofuata wakawaagiza wale wanga kwa wingi kabla ya siku ya mbio, na peremende wakiwa njiani, na hali zao zikawa njema. Mwaka 1966 Waswidi Jonas Bergström na Eric Hultman walijipima wenyewe: kila mmoja aliendesha baiskeli kwa mguu mmoja hadi ukachoka kabisa, mguu wa pili ukipumzika, kisha wakala wanga kwa siku tatu, na nyama kidogo iliyotolewa pajani kwa sindano ikaonyesha kwamba mguu uliotaabika umeweka akiba kama mara mbili ya ule uliostarehe. Maana yake ni kuwa misuli iliyotoka kazini ina shauku ya chakula ambayo misuli iliyolala haina, na anayemaliza mazoezi saa mbili asubuhi kisha asile hadi adhuhuri ameipoteza saa iliyo bora kuliko zote.

Mfano ulio karibu nasi zaidi, na ulio na mafunzo mengi, watoka Kenya. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, miongoni mwao Mike Boit, yule aliyetwaa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich ya 1972 na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji 10 wa daraja la juu ambao chakula chao kilipimwa kambini kwa muda wa siku 7 za mazoezi makali. Katika kila sehemu 100 za nishati waliyoila, 76.5 zilitoka katika wanga, 13.4 katika mafuta na 10.1 katika protini. Na wanga huo ulipita gramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kiasi ambacho wataalamu wa Ulaya huwahimiza wanariadha wao wakifikie na aghalabu hawakifikii. Nao hawakuupata kwa vyakula vya makopo: ugali peke yake ulitoa karibu robo ya nishati yote, na sukari karibu sehemu ya tano, tena protini ile iliyoonekana kidogo ilitosha, kwa kuwa ilifika gramu 1.3 kwa kila kilo.

Hata hivyo kuna hesabu moja katika uchunguzi ule ambayo wasomaji wengi huipita kwa haraka, nami nataka tuikawilie. Wakimbiaji wale walikula kilokalori 2987 kwa siku, na kutumia 3605. Pengo la kila siku ni 618, na kwa siku 7 ni 4326. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kilokalori 7700 hivi, basi pengo hilo ni sawa na kilo 0.56, nao mizani yao ilionyesha kwamba wastani wa uzito ulishuka kutoka kilo 58.9 hadi 58.3. Hesabu mbili zilizofanywa kwa njia mbalimbali zimekutana, na hilo hunipa imani kwamba pengo lilikuwako kweli. Wapo wasemao kuwa wepesi huo kabla ya mashindano ni sehemu ya siri ya ushindi wao. Huenda ikawa hivyo kwa bingwa aliyekomaa, ambaye kwake wiki moja ya upungufu hufuatwa na wiki ya kushiba; lakini kumhimiza kijana wa miaka 17 wa Mlalo au Mtae, ambaye kabla ya mazoezi amekwisha kulima matuta na kupandisha ndoo ya maji, aige wepesi huo, ni kumdhulumu. Huyo siha yake yataka nyongeza, wala haina cha kupunguzwa.

Nyongeza hiyo iko jikoni kwao. Tazama chungu cha makande katika nyumba yoyote ya milimani: mahindi yaliyokobolewa na maharage vimelowekwa tangu jana, vikatelekwa juu ya mafiga tangu asubuhi, na mama apitaye huchota punje chache kwa mwiko, akazibonyeza kwa vidole kujua kama zimeiva, kisha akatia kitunguu na chumvi. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo ni moja katika viungo vya protini, na maharage yanayo tele. Maharage nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi huileta. Hivyo chungu kimoja chajitosheleza kama nyama. Kwa siku za mazoezi sioni chakula kilicho bora kuliko hiki, pamoja na ndizi za kupika, viazi, magimbi na muhogo vinavyoshushwa kila siku ya gulio. Lakini siku moja kabla ya mbio makande hayafai, kwa sababu makapi yake na upepo wa maharage humsumbua mtu tumboni anapokimbia. Na tui zito la nazi, ambalo wapishi wa Tanga hulipenda kwa haki, liachwe pia jioni hiyo, maana mafuta hukawiza chakula tumboni. Wali mweupe, ugali wa sembe na viazi vya kuchemsha vyatosha. Katika siku mbili za mwisho kabla ya mbio gramu 10 za wanga kwa kila kilo si nyingi, na mtu asistuke akiona uzito umepanda, kwani kila gramu ya glaikojeni hukaa na kadiri ya gramu 3 za maji.

Septemba 2025, huko Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alitupatia dhahabu ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwa kumaliza marathoni kwa saa 2:09:48, akimtangulia Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Mbio zikiamuliwa kwa kiasi hicho, hakuna funda la kinywaji lililo dogo. Utumbo hupitisha glukosi kwa njia yake, ambayo kikomo chake ni gramu 60 hivi kwa saa, na fruktosi kwa njia nyingine. Anayevitumia vyote viwili huweza kufika gramu 90, nalo ni jambo lenye faida kwa mbio zipitazo saa mbili na nusu. Sukari ya dukani, ambayo yatokana na miwa, ni nusu glukosi na nusu fruktosi, hivyo gramu 60 zake, yaani vijiko 15 vya chai vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi pamoja na chumvi kidogo, ni kinywaji kisichokuwa na cha kuonea haya mbele ya vile vya bei ghali. Maji ya miwa yenyewe aghalabu hupita gramu 100 za sukari kwa lita, basi yachujwe vizuri na kuzimuliwa nusu kwa nusu. Mpandaji wetu wa Mombo, akichukua saa tatu na kunywa lita moja kwa saa, au akila ndizi mbivu mbili kila saa na kunywa kidogo, atajiongezea kilokalori 720, na pengo la akiba yake litazibika. Sharti tumbo lizoezwe miezi kabla. Asiyewahi kunywa akikimbia, akijaribu siku ya mashindano, huenda akatapika.

Kwa Waislamu wa milimani, ambao ni wengi, mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake, wala si lazima mtu aache riadha. Mazoezi mepesi yawekwe saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili tende, uji na futari ya magimbi vifuate upesi misuli ingali na shauku. Mazoezi makali yahamishiwe usiku baada ya tarawehe. Na daku lisiwe kikombe cha chai na kipande cha mkate, bali ugali au viazi pamoja na maharage, na maji ya kutosha kabla ya imsaki.

Na chai hiyo ina neno. Wakimbiaji wa uchunguzi ule wa Kenya walikunywa mililita 1243 za chai kwa siku na 1113 za maji, nasi tunaoishi kandokando ya mashamba ya chai ya Usambara hatuko nyuma yao. Chai ya maziwa na sukari ni wanga na protini, nami siikatazi. Lakini tanini iliyomo, ikikutana tumboni na maharage, mchicha au mnavu, huyafunga madini ya chuma yasiingie damuni, na bila chuma damu haibebi hewa ya kutosha. Msichana akimbiaye, ambaye hupoteza damu kila mwezi, ndiye aliye hatarini zaidi, na mara nyingi huambiwa kwamba amekuwa mvivu. Basi chai inywewe saa moja mbali na mboga, na mahali pake mezani pawekwe chungwa, pera au limau, vitu vinavyosaidia chuma kupita. Na mwalimu anayeona kasi ya mwanafunzi wake inashuka mwezi baada ya mwezi bila sababu, ampeleke akapimwe damu kabla ya kumwongezea mazoezi.