Ng'ambo na Majumba: Uhakiki wa Lugha ya Mpango wa Mji

Mpango wa mji ni matini, na hapana budi uhakikiwe kama matini nyingine: nani anasema, anamwambia nani, na kwa msamiati wa nani.

Jina Ng'ambo, la mjini Unguja, lina msimamo ndani yake. Halieleweki bila ya msemaji aliyesimama upande wa pili, yaani Mji Mkongwe. Mkono wa bahari uliozitenga pande hizo ulifukiwa, lakini jina likabaki. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikusudia kuugeuza uhusiano huo. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ambayo msanifu wake Hubert Scholz alichora mpango wa 1968, serikali ya Abeid Amani Karume ilijenga Michenzani: safu ndefu za fleti kandokando ya barabara zinazokatana, katikati ya Ng'ambo. Dhamira hiyo yastahili heshima. Wanyonge waliwekewa kitovu cha mji upande wao.

Kasoro imo katika sarufi. Katika masimulizi ya ujenzi huo, mwenye nyumba iliyobomolewa ni mtendwa wa kila kitenzi: alihamishwa, alipangiwa, alipewa. Wenyeji walijibu kwa maneno yao. Fleti hizo ziliitwa majumba, na umbo hilo la ukubwa huweza kubeba sifa na kejeli kwa pamoja. Ziliitwa pia treni. Treni hupakia watu, bali haina ua wala baraza. Barazani ndipo jirani alipopokewa bila ya kuingizwa ndani. Uani ndipo mwanamke alipofanya kazi zake bila ya kutazamwa. Mpango ulihesabu vyumba, haukuhesabu mahali hapo pa kati.

Katika muongo wa 2010, idara ya mipango miji ya Zanzibar iliuita mradi wake mpya "Ng'ambo Tuitakayo". Hapa mtenda amebadilika. Hata hivyo, kiambishi "tu-" si ushahidi wa kutosha. Mhakiki lazima aulize kinawakusanya akina nani.

Wala suala hili si la ujamaa peke yake. Isiolo, nchini Kenya, iliwekwa katika Ruwaza ya 2030 kuwa mji wa mapumziko, pamoja na Lamu na Turkana. Itikadi ni nyingine, lakini mfugaji aweza kufanywa mtendwa vilevile, iwapo malisho yake yataandikwa kuwa ardhi tupu. Wakazi wa Isiolo huita mitaa yao bula, kama Bula Pesa. Mpango usiolijua neno hilo haujaanza kuzungumza nao.