Galibier kwa pedeli na kwa miguu

Tarehe 10 Julai 1911 waendesha baiskeli wa Tour de France waliondoka Chamonix kwenda Grenoble, kilomita 366 za kumalizwa siku hiyohiyo. Njiani walikutana na kitu ambacho mashindano hayo hayakuwahi kukipanda: Galibier, kipito cha Alpi ya Ufaransa, ambacho enzi hizo kilivukwa kwa kupita ndani ya handaki lililochimbwa mita 2,556 juu ya usawa wa bahari. Barabara ilikuwa ya udongo, imelowa, na pembeni theluji ilikuwa bado imesimama kama kuta. Émile Georget alitangulia kufika juu, bila kuweka mguu chini. Wenzake wengi walishuka wakakokota.

Historia ya mchezo imemtukuza Georget, na haki yake hiyo. Waliokokota wametajwa kwa huruma tu, kana kwamba nguvu ziliwaishia. Lakini ukishika kalamu na karatasi, utaona kuwa hawakuwa wamekosea hesabu hata kidogo.

Tuanze na mlima wenyewe. Anayetoka kaskazini huanzia Saint-Michel-de-Maurienne, mji ulio kwenye mita 700 hivi. Kwanza hupanda kipito cha Télégraphe, kilomita 12 hadi mita 1,566. Kisha, jambo linalowaudhi wengi, barabara humrudisha chini kilomita 5 hadi kijiji cha Valloire, na mita alizozipata kwa jasho zinapotea kwa dakika chache. Hapo ndipo Galibier yenyewe inapoanza: kilomita 18, mwinuko wa wastani wa asilimia 6.9, yaani kila mita 100 za barabara zinampandisha mita 7. Wastani huo unadanganya. Sehemu ya kwanza ni ya upole, bonde lililonyooka lenye malisho. Inapofika Plan Lachat barabara hugeuka ghafla kulia, huanza kujipinda ukutani mwa mlima, na kilomita 8 za mwisho hazina pa kupumzikia. Siku hizi kuna kipande cha nyongeza kilichofunguliwa baada ya handaki kufungwa mwaka 1976; kinapita juu ya handaki hadi mita 2,642, na ndicho kikali kuliko vyote, karibu asilimia 10.

Kwa nini asilimia 7, si 15? Kwa sababu njia hizi hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Zilijengwa kwa wanyama wavutao magari, na kwa majeshi. Mfano mzuri uko Italia, kwenye kipito cha Stelvio. Dola ya Austria ilipotaka kuiunganisha Lombardia na himaya yake, mhandisi Carlo Donegani alijenga barabara kati ya 1820 na 1825 hadi mita zaidi ya 2,750, na upande wa Prato akaikunja kona 48 ili mwinuko wake ubaki wa wastani wa asilimia 7 na kitu. Kila kona ni bei iliyolipwa kwa urefu ili kupunguza ukali. Mwendesha baiskeli wa leo anafaidi hesabu iliyopigwa kwa ajili ya farasi.

Sasa baiskeli. Mwaka 1911 mshindani hakuwa na gia za kubadilisha akiwa mwendoni, kanuni zilikataza. Alichokuwa nacho ni gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili, idadi moja upande huu, nyingine upande ule. Akifika chini ya mlima alisimama, akafungua nati za masikio, akaligeuza gurudumu, akafunga, akaendelea. Juu ya mlima, kazi ileile tena. Inasimuliwa kuwa mwaka 1927 Mwitaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati hizo kwenye kipito cha Croce d'Aune kwa sababu vidole viliganda kwa baridi, na kutokana na mkasa huo akaanza kufikiria kile kifaa cha kufungulia gurudumu haraka ambacho leo kila fundi anakijua.

Chukua mfano: meno 44 mbele, 22 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara mbili, na baiskeli inasogea mita 4.2 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mtu mwenye nguvu ya kawaida akienda kilomita 6 kwa saa, miguu yake inazunguka mara 24 tu kwa dakika. Huko si kuendesha, ni kusimama juu ya pedeli na kuibonyeza kwa uzito wa mwili, kisha kusubiri ya pili ije. Magoti yanalia, gurudumu linateleza kwenye tope. Na mtu anayekokota baiskeli yake mahali palepale huenda kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwa tofauti ya kilomita moja au mbili kwa saa, aliyeshuka amehifadhi misuli ya kumfikisha Grenoble, na bado alikuwa na safari ndefu. Yeyote aliyewahi kupanda kilima kwa baiskeli ya gia moja yenye gunia nyuma anaifahamu hesabu hii bila kufundishwa.

Leo baiskeli ya safari huwa na meno 34 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja, mita 2.1. Mtu yuleyule akienda kilomita 8 kwa saa, miguu inazunguka mara 63 kwa dakika, na kila mkanyago unadai karibu nusu tu ya nguvu ya ule wa zamani. Mlima haujapungua hata sentimita. Kilichofanyika ni kuukata vipande vidogo.

Mtembea kwa miguu anapiga hesabu nyingine. Kwenye njia nyingi za Alpi vibao huonyesha saa, si kilomita, na kanuni inayotumika sana huhesabu mita 300 za kupanda kwa saa moja, au kilomita 4 za tambarare. Toka Valloire hadi juu ya Galibier ni mita zaidi ya 1,200 za kupanda. Kwa kanuni hiyo kupanda kwenyewe tu ni saa 4, kabla ya kuongeza umbali. Mwenye baiskeli wa kilomita 8 kwa saa anatumia saa 2 na robo. Pengo ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Baiskeli hailipi sana wakati wa kupanda. Inalipa wakati wa kushuka, pale kilomita 18 zinapomalizwa kwa nusu saa huku mwenzake akishuka kwa magoti yanayotetemeka hadi alasiri.

Ndiyo maana wasafiri wa Alpi wenye uzoefu hawaoni haya kuchanganya. Kipito cha Parpaillon, kusini zaidi, kina barabara ya kijeshi ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo sehemu yake ya juu haina lami. Mawe yanazidi kulegea kadiri unavyopanda, na karibu na kilele lipo handaki la takriban nusu kilomita lisilo na taa, lenye madimbwi, na mara nyingine barafu hata wakati wa kiangazi. Huko tochi ni muhimu kuliko gia, na kukokota ni sehemu ya njia.

Kuna adui mmoja ambaye hesabu ya gia haimgusi, naye ni hewa. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi 6 au 7. Ukianza na nyuzi 25 bondeni, juu ya Galibier utakuta 12 hivi, ukiwa umelowa jasho, na mbele yako kuna mteremko wa upepo mtupu. Waendeshaji wa zamani walikuwa na dawa rahisi: gazeti lililokunjwa likachomekwa kifuani ndani ya fulana. Bado linafanya kazi.

Aliyezuia gia za kubadilisha kwa miaka mingi alikuwa Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, aliyeamini kuwa ni za watu waliokwishavuka miaka 45. Ruhusa ilitolewa mwaka 1937, baada ya yeye kuacha uongozi wa mashindano kwa sababu ya ugonjwa. Mnara wa kumbukumbu yake, uliozinduliwa mwaka 1949, umesimama karibu na mlango wa kusini wa handaki la Galibier, na kila kiangazi maelfu ya watu hupita mbele yake wakiwa kwenye gia ndogo kabisa waliyonayo.